Concert champêtre ya Poulenc: rekodi ipi mnaikubali? (Uzi wa kulinganisha)

Mzee wa Kinanda (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa piano kuna mtu aliuliza kwa nini kila akisikiliza Concert champêtre ya Francis Poulenc kwa rekodi tofauti anahisi kama ni vipande tofauti kabisa. Jibu ni refu na lingeharibu uzi wa watu, nimeona nilifungulie mlango wake hapa.

Kwa wageni: hii ni koncheto ya hapsikodi na okestra, yaani mpigaji mmoja mbele ya okestra, na jina lake ni kama kusema "tamasha la mashambani". Poulenc, mtunzi wa Ufaransa, aliiandika 1927 na 1928, ikapigwa hadharani mara ya kwanza Paris tarehe 3 Mei 1929 katika ukumbi wa Salle Pleyel. Wanda Landowska alikuwa kwenye hapsikodi, Pierre Monteux akiongoza okestra. Ina sehemu tatu, jumla dakika 25 hivi. Hapsikodi yenyewe ni kile kinanda kilichotawala kabla ya piano: ukibonyeza kitufe, kijiti kinapanda na kudonoa uzi. Hakuna nyundo ndani. Ubonyeze kwa upole, ubonyeze kwa hasira, sauti inatoka karibu ileile.

Mgogoro wote unaanzia hapo. Poulenc ameweka honi nne, tarumbeta, tromboni, tuba, timpani na ngoma nyinginezo, halafu mbele ya jeshi hilo anakaa mtu mmoja mwenye chombo kisichoweza kupaza sauti. Kweli, alipunguza idadi ya fidla na ndugu zake, na sehemu nyingi okestra na hapsikodi wanapokezana. Lakini kuna mahali wanakutana uso kwa uso, na hapo hakuna mpigaji duniani anayeweza kujiokoa kwa vidole.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nabishiwa kwa moyo mweupe: ukilinganisha rekodi za kipande hiki, ufundi wa mpigaji unakuja wa tatu. La kwanza ni chombo gani kiliingizwa studio. La pili ni maikrofoni iliwekwa wapi.

Tuanze na chombo. Landowska hakuwa akipiga hapsikodi za aina tunazoziona leo kwenye video za Bach. Alikuwa na Pleyel, modeli aliyoshirikiana na kiwanda hicho cha piano kuibuni, ikaonyeshwa 1912. Dude zito, fremu ya chuma kama piano, vibao viwili vya vitufe, pedali saba za kubadilishia safu za nyuzi huku mikono ikiendelea kupiga, na safu nzima ya nyuzi nene zinazolia oktava moja chini. Ncha za kudonolea zilikuwa za ngozi ngumu. Sauti yake ina mlio wa chumachuma, na wapenzi wa hapsikodi za kale wengi wanaichukia. Sawa, waichukie. Ila Poulenc aliandika akiwa na sauti hiyo masikioni. Alikwenda kwa Landowska, Saint-Leu-la-Forêt nje ya Paris, wakakaa pamoja kuipitia sehemu ya hapsikodi na kuchagua ala zipi za okestra zisimame nayo. Na tazama mambo yalivyopangika: kampuni iliyotengeneza chombo ndiyo iliyojenga ukumbi wa onyesho la kwanza.

Rekodi ninazozirudia:

Landowska mwenyewe na Leopold Stokowski, New York Philharmonic, Novemba 1949. Hii ni onyesho la moja kwa moja, sauti imechakaa, mikwaruzo kibao. Mama alikuwa na miaka 70. Usiitafute kwa ajili ya utamu wa sauti, itafute kwa ajili ya mapigo. Ana namna ya kuchelewesha noti kidogo kabla ya kuitua, kiasi kwamba sikio linadanganyika na kudhani kaibonyeza kwa nguvu zaidi. Ndiyo njia kubwa ya mpigaji wa hapsikodi kutia mkazo, na hajatokea wa kumzidi.

Aimée van de Wiele na Georges Prêtre, okestra ya Conservatoire ya Paris, 1962. Van de Wiele alikuwa mwanafunzi wa Landowska, Prêtre alikuwa mtu wa Poulenc kabisa (ndiye aliyeongoza opera yake La voix humaine ilipotoka 1959), na Poulenc mwenyewe alikuwa hai bado. Alifariki Januari 1963. Kwangu hii ndiyo namba moja. Kuna vyombo vya kupuliza vya Kifaransa vya zamani mle, basuni zenye sauti ya puani, honi zinazotetemeka, ladha ambayo okestra za leo zimeipoteza.

Robert Veyron-Lacroix na Jean Martinon, okestra ya taifa ya redio ya Ufaransa. Safi, nyepesi, haina makosa. Sina la kuongeza.

Simon Preston na André Previn, London Symphony, miaka ya sabini. Preston alipiga na koncheto ya ogani kwenye sahani hiyohiyo. Mafundi hawakuikuza hapsikodi, wameiacha ndogo kama ilivyo, na okestra ni kubwa. Uaminifu huo unawagharimu.

George Malcolm na Iona Brown, Academy of St Martin in the Fields, muda huohuo. Okestra ndogo, ucheshi mwingi.

Ton Koopman na James Conlon, Rotterdam Philharmonic, miaka ya themanini. Hii nitaiacha wengine waseme maana najua ina mashabiki humu.

Leteni zenu.

---

Kobe Mtoro

Nimekaa hapa na chai. Mzee ukifungua uzi najua usiku umeisha.

---

Mkenya Mpole

Mzee wa Kinanda, heshima zako. Lakini kwani si wangepiga na piano tu yaishe? Kama chombo hakisikiki, tatizo ni la nani? Mtu anaandika tuba na tromboni kisha anaweka kinanda cha sebuleni mbele, halafu miaka karibu mia baadaye tunahangaika kutafuta maikrofoni.

---

Mzee wa Kinanda

Mkenya Mpole, umechokoza pazuri, maana Poulenc mwenyewe alifanya hivyohivyo. Novemba 1948, safari yake ya kwanza Marekani, alikaa kwenye piano akaipiga koncheto hii na New York Philharmonic chini ya Dimitri Mitropoulos. Rekodi ipo. Kwa hiyo mwaka mmoja kamili kabla ya ile ya Landowska, okestra ileile, jiji lilelile, una toleo la piano kutoka kwa mtunzi. Zisikilize zote mbili usiku mmoja, ni somo tosha.

Na piano inatatua tatizo la sauti kweli. Ila inazaa jingine. Ukisikia piano, kipande kinaanza kufanana na koncheto nyingine za Poulenc, kinakuwa cha mjini. Kile kichekesho cha mtu wa 1928 aliyevaa wigi la karne ya 18 kinapotea. Sehemu ya mwisho inaanza na hapsikodi peke yake, wimbo unaomkonyeza Handel, mtunzi wa karne ya 18, kabisa. Kwa piano unasikika kama zoezi la vidole.

---

Bint Ganuni

Assalaam aleikum nyote. Mie ni wa taarabu, huku kwenye okestra za Kizungu napita tu, ila hili la chombo cha kudonoa kuzidiwa na wenzake silihitaji kuhadithiwa.

Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, kila noti nyuzi tatu, na mpigaji huvaa pete zenye ncha za kudonolea vidoleni. Kwenye taqsimu inapokuwa peke yake inajaza chumba. Fidla zikiingia zote, na akodioni, na dumbaki, ganuni haisikiki kama wimbo tena, inasikika kama mng'aro juu ya wimbo. Ukiitoa utajua haipo. Ikiwapo huwezi kuionyesha kwa kidole. Wazee walijua hilo ndiyo maana wakaipa nafasi zake za kusema peke yake.

Sasa nimesikiliza hiyo ya 1962 aliyoitaja Mzee. Naona huyo Mfaransa alifanya vilevile mara nyingi: okestra inauliza, kinanda kinajibu. Lakini mpigaji ganuni anaweza kudonoa kwa ukali au kwa upole. Huyo wa hapsikodi hawezi, masikini. Nimemhurumia.

Hiyo sehemu ya pili, ya mwendo wa kubembea, ni nzuri hadi inaudhi.

---

Mzee wa Kinanda

Bint Ganuni, aleikum salaam, karibu sana. Na undugu huo upo wa damu: wanahistoria wa ala huiona hapsikodi kama saltari (ala ya kale ya nyuzi za kudonoa) iliyowekewa vitufe, na saltari ni jamaa wa karibu wa ganuni. Kwa hiyo hukupita tu, umefika kwa binamu.

Hiyo ya kubembea ni siciliana. Kaipenda kila mtu, hata wanaoichukia hapsikodi. Sikiliza wanavyotofautiana hapo: Prêtre anaiacha iende, hailii. Wengine wanaivuta mpaka inakuwa maombolezo.

---

fundi_sauti

Nimesubiri nione kama kuna atakayegusa upande wa maikrofoni. Nafanya kazi studio Dar, bendi na kwaya zaidi, lakini fizikia haijali aina ya muziki.

Kwanza hesabu ndogo. Mpigaji akitaka sauti zaidi anaunganisha safu mbili za nyuzi zilie pamoja. Vyanzo viwili vya sauti vyenye nguvu sawa vinaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Desibeli 3 sikio linaitambua, lakini si "mara mbili ya ukubwa" kama watu wanavyodhani. Kwa hilo unahitaji kama 10. Yaani mpigaji akitumia kila alichonacho, bado hajakaribia tarumbeta moja iliyochangamka. Hiyo ndiyo sababu zile pedali saba za Pleyel, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ni kubadili rangi ya sauti zaidi ya kuongeza ukubwa wake.

Pili, hapsikodi ina mwanzo mkali sana wa kila noti, tsk, halafu inafifia haraka. Nguvu yake nyingi iko kwenye masafa ya juu. Faida yake: hata ikiwa ndogo, inapenya pale okestra inapokuwa na sauti za chini na za kati. Hasara: ukisogeza maikrofoni karibu ili uipate, unapata na vijiti vikirudi mahali pake, tak tak tak, na pedali zikigonga. Ukirudi nyuma, unapoteza mwanzo wa noti na unabaki na ukungu.

Kwa hiyo mafundi wana njia mbili. Ama waweke maikrofoni za jumla na kukubali hapsikodi ndogo (hiyo ya Preston na Previn naisikia hivyo), ama wasimamishe maikrofoni ya pekee karibu na chombo na kuipandisha kwenye mchanganyo. Ya 1962 ni ya njia ya pili bila shaka. Weka hedifoni usikie: hapsikodi imekaa mapajani mwako na okestra iko ng'ambo ya chumba. Ukumbini haiwezekani kamwe kusikia hivyo.

Mimi hilo halinikeri. Rekodi si ukumbi. Ila tusiseme van de Wiele "anasikika vizuri kuliko Preston" kana kwamba ni sifa yake. Aliyepandisha kitufe ndiye kasikika.

---

Mswahili wa Delft

Nimeona jina la Koopman likitupwa kama mfupa, nikajua ni mtego. Nauingia.

Mimi niko Uholanzi, na kipande hiki nimewahi kukisikia ukumbini, si kwenye rekodi. Nilikaa juu, safu za bei nafuu. Utangulizi wa polepole wa okestra ukapita, hapsikodi ikaachiwa peke yake, ukumbi mzima ukainama mbele. Kweli, watu walisogea kwenye viti. Halafu okestra nzima ikaingia na nikabaki naangalia mikono ya mpigaji ikitembea bila kusikia chochote kwa muda. Ikirudi peke yake, unainama tena.

Nikaondoka nikiwaza kwamba huenda ndivyo ilivyokusudiwa. Landowska mwenyewe hakuwa na maikrofoni 1929, na Salle Pleyel ilijengwa kwa ajili ya watu kama 3,000. Poulenc alijua fika kwamba kuna mahali mpigaji hatasikika. Kule kuzamishwa na kuibuka ni sehemu ya mchezo. Sasa ukiwa na fundi anayepandisha hapsikodi kila inapozidiwa, mchezo umekufa: kila kitu kinasikika sawa, hakuna anayeinama.

Koopman na Conlon ndio wanaoniletea hisia hiyo. Koopman anatoka upande wa Bach na vyombo vya kale, anapiga kwa wepesi, mapambo yake yanachipuka bila kupangwa. Kasi anayotumia sehemu ya kwanza inanifanya nitabasamu. Conlon anajua kuishusha okestra bila kuilemaza. Namba moja wangu ni huyo na simwachi.

---

Mzee wa Kinanda

Mswahili wa Delft, hoja ya kuzamishwa na kuibuka nimeipenda, na inawatetea Preston na Previn kuliko inavyomtetea Koopman, ukiangalia vizuri.

Ugomvi wangu na Koopman si wa vidole. Ana mkono wa ajabu. Ugomvi ni huu: kipande hiki si cha karne ya 18. Ni cha mtu wa 1928 *anayeiota* karne ya 18 akiwa kitongoji cha Paris. Poulenc alikuwa mtoto wa mjini. "Mashamba" yake yalikuwa upande wa Nogent-sur-Marne na Vincennes, na katikati ya hayo mashamba unasikia tarumbeta za kambi ya jeshi ya Vincennes. Ile shaba inayoingia ghafla na kuharibu pikiniki ni makusudi kabisa. Sasa mpigaji anayekuja na ladha halisi ya karne ya 18 anaondoa ule uongo mtamu. Pleyel ni hapsikodi ya uongo, ndiyo, ni piano iliyovaa kanzu ya hapsikodi. Poulenc naye anaandika karne ya 18 ya uongo. Wawili hao wanaelewana.

---

Kobe Mtoro

"Piano iliyovaa kanzu." Mzee leo umeamka vizuri.

---

Mswahili wa Delft

Mzee, kwa mantiki yako basi hakuna mtu wa leo anayeruhusiwa kuipiga, maana Pleyel zenyewe zinazopigika zimebaki chache na hakuna anayezitengeneza. Tangu mafundi Hubbard na Dowd walipoanza kutengeneza nakala za hapsikodi za kale kule Boston mwaka 1949, dunia nzima imehamia huko. Mpigaji wa leo amefundishwa kwenye nakala hizo toka utotoni. Ukimpa Pleyel atahangaika na uzito wa vitufe. Tufunge kitabu?

---

Mzee wa Kinanda

Hapana, apige. Ila fundi sauti ampe msaada bila aibu, na mwongozaji aheshimu ile idadi ndogo ya fidla na ndugu zake aliyoiandika mtunzi. Rekodi nyingi za okestra kubwa zinaanguka hapo hata kabla ya hapsikodi kufunguliwa kifuniko. Ndiyo maana Malcolm na Iona Brown wananipendeza: okestra yao ni ndogo kwa asili, hawahitaji kuminywa. Malcolm pia alikuwa wa kizazi kilichozoea hapsikodi nzito za karne ya 20, hakuona aibu kubadilisha rangi katikati ya sentensi. Kama mtu ananiambia anunue moja tu na hataki sauti ya 1962, namwelekeza huko.

---

Mkenya Mpole

Swali la mtu wa kawaida: nasikiliza kwa simu kwenye matatu. Hiyo Pleyel yenu na oktava ya chini nitaisikia?

---

fundi_sauti

Hutaisikia. Spika ya simu haina uwezo wa zile sauti za chini, na zile za juu inazifanya zichome. Kwa spika ya simu Pleyel na nakala ya kale zitafanana, zote zitakuwa sufuria la vijiko. Hedifoni za masikioni za bei ya kawaida zinatosha. Na usisikilize ya 1949 kwenye gari, kelele ya barabara na mikwaruzo ya rekodi vitaungana utabaki na filimbi tu.

---

Shangazi Okestra

Nachangia kwa uchache. Mbona hamjamtaja Manuel de Falla, mtunzi wa Hispania? Landowska huyohuyo, koncheto ya hapsikodi, Barcelona tarehe 5 Novemba 1926, miaka miwili na nusu kabla ya Poulenc. Falla alilitazama tatizo lenu hili la sauti akalitatua kwa kisu: okestra hakuna. Filimbi, obo, klarineti, fidla moja, chelo moja, basi. Na bado aliandika kwenye nakala kwamba hapsikodi iwe yenye sauti kubwa iwezekanavyo. Yeye mwenyewe akairekodi Paris 1930 akiwa kwenye kinanda, na Marcel Moyse kwenye filimbi. Dakika chache za ukali mtupu. Landowska hakudumu nayo. Akaja kukubali ya Poulenc yenye tabasamu.

Na ndiyo maana nadhani swali la "rekodi ipi" lina majibu mengi kwa Poulenc na machache kwa Falla. Falla kafunga milango. Poulenc kaiacha wazi, kila mtu anaingia na maikrofoni yake.

---

Mzee wa Kinanda

Shangazi, shikamoo. Na wawili hao walikutanishwa na kazi ya Falla mwenyewe: Poulenc alimfahamu Landowska 1923 nyumbani kwa Princesse de Polignac, mfadhili wa muziki wa Paris, siku ilipoonyeshwa opera ya vikaragosi ya Falla ambayo nayo ina hapsikodi ndani. Bila Falla tusingekuwa na uzi huu.

---

Shangazi Okestra

Marahaba mwanangu.

---

Kijana wa Katowice

Wakubwa mmenitia moyo nichangie. Nilisoma Poland kidogo. Ukitaka kuona mtu aliyelitatua tatizo hili kinyume kabisa na Falla, sikiliza koncheto ya hapsikodi ya mtunzi wa Poland, Henryk Górecki, opus 40, ya 1980. Okestra ya nyuzi tupu (fidla na ndugu zake), sehemu mbili, dakika tisa hivi, imekwisha. Alimwandikia mpigaji hapsikodi Elżbieta Chojnacka, na Katowice ndiko ilikopigwa kwanza, Machi 1980.

Hapo hapsikodi haiombi nafasi. Inagonga bila kupumua tangu mwanzo, noti za haraka zisizokatika, na nyuzi zinapita juu yake kwa mstari mmoja mrefu. Ule "tsk" aliousema fundi_sauti unageuka kuwa injini. Sehemu ya pili inabadilika na kuwa ya furaha ya kichaa, kama harusi iliyopoteza udhibiti.

Rekodi tatu za kulinganisha: Chojnacka mwenyewe na London Sinfonietta chini ya Markus Stenz, Mahan Esfahani na Concerto Köln, 2015, na Anna Górecka, binti wa mtunzi, na Antoni Wit na Warsaw Philharmonic. Huyu wa mwisho anatumia piano, maana mtunzi aliruhusu.

Chojnacka ni chuma. Esfahani amezungukwa na kikundi kinachoishi kwenye muziki wa kale, kwa hiyo nyuzi zina mkwaruzo mtamu na unasikia dansi zaidi ya mashine. Piano ya binti ina uzito, lakini ule ukali wa kuudhi umepungua, na kwangu mimi ukali huo ndio kipande chenyewe.

---

fundi_sauti

Nimezipitia sasa hivi. Kwa Chojnacka maikrofoni iko karibu kiasi cha kusikia chombo kikitetemeka. Na hapa naona inafaa, haina mjadala. Hakuna shaba ya kushindana nayo, kwa hiyo kukisogeza chombo mbele hakuvunji kitu. Kwa Poulenc kuna mchezo wa mbali na karibu, kwa Górecki hakuna mbali.

---

Mswahili wa Delft

Nikumbushe: Esfahani ndiye aliyezomewa Cologne mwaka 2016 akipiga Piano Phase ya mtunzi wa Marekani Steve Reich kwa hapsikodi, na kundi hilohilo la Concerto Köln likiwa kwenye onyesho. Watu wakaanza kelele mpaka akasimama. Kwenye sahani ya 2015 kipande hicho kimo, sambamba na Górecki. Kwa hiyo msidhani hapsikodi ya kisasa imeshakubalika kila mahali.

---

Bint Ganuni

Nimeisikia ya huyo bibi wa Kipoland. Kichwa kinauma lakini sikuzima.

Ila nirudi kwa Poulenc, nina swali kwa Mzee. Ile ya 1949, nimejaribu. Mie naona Landowska anapiga polepole mahali ambapo wengine wote wanakimbia, na bado inachangamka kuwashinda. Kuna mahali anakata sauti kabla ya noti kuu, kimya kidogo kabisa, kisha anaiangusha. Wapigaji wetu wazuri wa ganuni hufanya hivyohivyo kabla ya kurudi kwenye maqamu (ngazi ya noti) ya nyumbani. Je, wanafunzi wake waliurithi mtindo huo au alikufa nao?

---

Mzee wa Kinanda

Bint Ganuni, hapo umelenga kabisa. Van de Wiele anao kwa kiasi, na ndiyo sababu yangu ya pili ya kumweka juu, ambayo fundi_sauti hawezi kuniambia ni ya kitufe. Sikiliza anavyoingia mwanzo wa sehemu ya tatu, kabla okestra haijamgusa. Noti ya kwanza ya kila kikundi inakaa punje moja zaidi, zinazofuata zinaharakishwa kulipa deni. Hapo hakuna mchanganyo, yuko peke yake, maikrofoni haina cha kumsaidia. Kisha weka Veyron-Lacroix mahali palepale: kila noti ni sawa na mwenzake, kama shanga. Nzuri, lakini hazisemi. Koopman anacheza na muda pia, tena sana, ila kwa lugha ya Couperin, mtunzi wa hapsikodi wa Ufaransa ya kale: anavunja akodi (noti za kupigwa pamoja), anaiachia ifunguke. Landowska alikuwa anauvuta mstari mzima kama mwimbaji.

Kwa hiyo fundi, nakupunguzia: vidole ni jambo la tatu, lakini pale hapsikodi inapokuwa peke yake vinapanda kuwa la kwanza.

---

fundi_sauti

Nakubali kwa masharti. Mahali hapo pa mwanzo wa sehemu ya tatu ndipo pa kulinganishia wapigaji. Pale okestra nzima inapoingia ndipo pa kulinganishia mafundi. Tusichanganye.

---

Mkenya Mpole

Basi nimefanya kazi yenu ya nyumbani, na hedifoni, si simu tupu. Mwanzo wa sehemu ya tatu: Landowska, van de Wiele, Koopman, Malcolm, halafu Poulenc na piano yake.

Nitawaudhi. Nimempenda Poulenc. Anapiga kwa uzembe fulani wa mtu anayejua nyumba ni yake. Anameza noti, anaruka, haombi radhi. Na okestra haimzidi. Baada yake ni Landowska. Koopman wa tatu. Van de Wiele sauti yake ya sufuria imenishinda, Mzee unisamehe.

---

Mzee wa Kinanda

Umesamehewa, ila umesikiliza sehemu moja tu. Rudi kwenye siciliana kwa piano ya Poulenc, halafu van de Wiele, uniambie kama "sufuria" bado ni sufuria. Na wewe Kijana wa Katowice, Górecki mfungulie uzi wake, weka na ile ya piano, nitakuja kubishana huko.

---

Kijana wa Katowice

Nafungua kesho jioni mkuu. Naanza na Chojnacka.

---

Mkenya Mpole

Siciliana: bado piano.